Kioo kikifa sehemu ya chini, simu haijafa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie batani za simu: za kubonyeza na zile zinazochorwa kwenye kioo. Ushauri unaotolewa madukani kuhusu jambo hili una makosa mengi, na makosa hayo yanawatoa watu fedha bila sababu. Mteja anaambiwa kioo kimekufa anunue kingine, kumbe kilichokufa ni ukanda mwembamba wa chini usiofikia hata upana wa kidole gumba. Mwingine simu yake inajizima na kujiwasha, anaambiwa ni programu, inaflashiwa (inawekewa mfumo upya), picha na namba zinapotea zote, na tatizo linabaki palepale kwa sababu ni batani ya pembeni iliyokwama.

Kuhamishia batani za mbele kwenye kioo hakukuwa kosa. Kosa ni kumuuzia mtu simu ya aina hiyo bila kumwonyesha jinsi ya kuiendesha kioo kikisumbua. Na litakuwa kosa kubwa zaidi kama siku moja watengenezaji wataondoa hata zile batani za pembeni, ya kuwashia na ya sauti.

Kwanza tutofautishe, maana batani zipo za aina tatu na kila moja hufa kwa namna yake. Ya kubonyeza ina kikombe kidogo cha chuma kilichobinuka chini ya kifuniko chake. Ukibonyeza, kinabonyea kama robo ya milimita, kinaunganisha njia mbili za umeme, kisha kinajirudi chenyewe. Ule mlio wa “tik” unatoka hapo. Ya pili ni ya kugusa iliyo nje ya kioo, chini yake, mara nyingi yenye kitaa kidogo. Simu nyingi za miaka kumi na zaidi iliyopita zilikuwa nayo. Ya tatu si kifaa kabisa. Ni picha inayochorwa na programu kwenye kioo, na kidole chako kinasomwa na tachi ileile inayosoma kila kitu kingine. Hii ya tatu haichakai, lakini tachi ikifa mahali ilipochorwa, nayo imekufa.

Mabadiliko haya yalikuja kidogo kidogo. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa na safu ya batani za kubonyeza mbele pamoja na kijipira cha kuviringisha. Mwishoni mwa 2011 ikaja Android 4.0 na simu ya Galaxy Nexus, na zile alama tatu za Rudi, Mwanzo na programu za karibuni zikachorwa ndani ya kioo. Samsung walibaki na batani ya Mwanzo ya kubonyeza mpaka Galaxy S7 ya 2016. Walipoiondoa kwenye S8 mwaka uliofuata, waliweka kihisi cha mkandamizo chini ya kioo mahali palepale, ili kidole kiipate hata kioo kikiwa kimezimwa. Apple nao kwenye iPhone 7 ya 2016 waliweka batani isiyobonyea, inayotikisika tu ili kidole kidhani imebonyea, na mwaka 2017 iPhone X ikatoka bila batani ya mbele.

Sababu kubwa ilikuwa nafasi. iPhone 8 na iPhone X zilitangazwa siku moja, Septemba 2017. Ya kwanza ina urefu wa milimita 138.4 na kioo cha inchi 4.7. Ya pili ina urefu wa milimita 143.6 na kioo cha inchi 5.8. Mwili umeongezeka milimita 5 tu, lakini kioo kimerefuka kwa milimita 30 hivi. Hiyo ni faida ya kweli na hakuna haja ya kuikataa.

Lakini wauzaji wanakwenda mbali zaidi, wanamwambia mteja azime hata zile batani tatu za kwenye kioo atumie kupangusa (kutelezesha kidole kwenye kioo) peke yake, kwa madai kwamba batani “zinakula kioo”. Tupige hesabu. Ukanda wa batani tatu kwenye Android una kimo cha vipimo 48, na vipimo 160 ni inchi moja. Yaani kama milimita 7.6. Kioo cha inchi 6.5 chenye uwiano wa 20 kwa 9 kina urefu wa milimita 150 hivi. Kwa hiyo batani zinachukua sehemu moja ya ishirini, na ukifungua video kwenye kioo kizima zinajificha zenyewe. Kwa mzee anayepokea simu ya kupangusa kwa mara ya kwanza, au mtu ambaye siku zote ametumia kitochi, yaani simu ndogo ya batani, sehemu hiyo ni bei ndogo sana ya kulipa ili aone kwa macho mahali pa kugusa. Kupangusa hakuna alama. Lazima mtu awe amefundishwa, na akisahau hakuna cha kumkumbusha.

Sasa nije kwenye hitilafu zenyewe. Tachi ni wavu wa njia nyembamba sana za umeme zisizoonekana, za wima na za ulalo, na kidole kinatambuliwa kwa kubadilisha chaji pale njia zinapokutana. Ufa ukikata njia moja, kila sehemu inayotegemea njia hiyo inakufa. Ndiyo maana hitilafu huonekana kama mstari ulionyooka, mara chache kama doa. Mstari huo ukipita juu, mtu anaweza asiugundue kwa miezi. Ukipita chini penye batani, simu nzima inaonekana mbovu.

Kabla ya kulaumu kioo, ondoa kwanza chaja. Chaja duni hupitisha kelele za umeme mpaka kwenye tachi, na matokeo yake ni batani kujibonyeza zenyewe, herufi kuruka na programu kufunguka bila kuguswa. Ukichomoa chaja na simu ikatulia, kioo ni kizima, badilisha chaja. La pili, toa kava na protekta. Protekta iliyonyanyuka ukingoni huacha hewa juu ya batani za chini, na kava lenye kingo nene huzuia kidole kuanzia pembeni kabisa, jambo linalowakwaza hasa wanaopangusa. La tatu, futa maji, jasho na mafuta. Tone la maji husomwa kama kidole. Upande wa pili, ngozi kavu yenye sugu, kama ya mkulima au fundi ujenzi, hutoa ishara hafifu. Mtu kama huyo hana kioo kibovu, anahitaji ubapa wa kidole badala ya ncha, na kuwasha mguso mwepesi kwenye Mipangilio kama simu yake inao. La nne, angalia mgongo wa simu. Betri iliyovimba inasukuma kioo kutoka ndani na kuvuruga tachi. Hapo acha kuitumia simu na kuichaji, betri itolewe kwanza.

Ukishapita hayo, pima. Kwenye Samsung nyingi piga *#0*# kama unayepiga simu. Itafunguka menyu ya kiwandani yenye kipimo cha tachi, ambapo vijisanduku hubadilika rangi kila unapopita. Kwenye Android nyingine fungua Mipangilio, ingia Kuhusu simu, gusa nambari ya muundo mara 7, kisha rudi kwenye Mfumo, fungua chaguo za wasanidi programu na uwashe kinachoonyesha mahali pa kidole. Chora mistari ya karibukaribu kutoka juu hadi chini, kisha kushoto hadi kulia. Mstari ukikatika palepale kila mara, hapo ndipo tachi ilipokufa. Kipimo hiki hakimalizi hata dakika mbili, na anayenunua simu iliyotumika asitoe fedha kabla ya kukifanya.

Ikiwa ni ukanda wa chini tu uliokufa, simu bado inatumika. Wengi hujaribu kuilaza wakidhani batani zitahama. Katika hali ya batani tatu hazihami: kwenye simu nyingi za sasa zinabaki upande uleule wa chini hata ukilaza, juu ya tachi ileile iliyokufa. Kinachosaidia ni kubadili hali. Fungua Mipangilio, kwenye kisanduku cha kutafutia andika usogezaji, chagua usogezaji kwa ishara. Samsung wameuweka kwenye Onyesho, ndani ya upau wa kusogeza. Baada ya hapo Rudi inapatikana kwa kupangusa kutoka ukingo wa kushoto au wa kulia, ambao ni mzima. Mwanzo bado inataka kupangusa kutoka chini, ila sasa ukilaza simu ndani ya programu inayokubali kulala, “chini” inakuwa ule upande mrefu, na tachi ya pale inafanya kazi.

Njia nyingine ni batani inayoelea. Samsung wana menyu saidizi katika mipangilio ya ufikivu, nayo inaleta Rudi, Mwanzo na programu za karibuni kwenye kiduara unachoweza kukisogeza popote. Xiaomi na Redmi wanacho chao. Kwenye iPhone ingia Mipangilio, Ufikivu, kisha Mguso, na uwashe AssistiveTouch. Kama simu yako haina cha kwake, kuna programu za kupakua, lakini hapa nasisitiza tahadhari: programu ya namna hiyo huomba ruhusa ya ufikivu, na ruhusa hiyo inaweza kuiwezesha kusoma kilicho kwenye kioo, zikiwemo salio na ujumbe wa benki. Usiipe ruhusa hiyo programu usiyoijua ilikotoka.

Kioo kikiwa kimekufa tachi yote lakini picha inaonekana, tumia kipanya cha kompyuta. Kinachotakiwa ni waya wa OTG (wa kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu) wa tundu la simu yako na kipanya cha kawaida cha USB. Mshale utatokea kwenye kioo. Batani ya kushoto ni mguso, na ya kulia kwa kawaida ni Rudi. Baadhi ya simu, zikiwemo za OPPO, hutaka OTG iwashwe kwanza kwenye Mipangilio, kwa hiyo ni vizuri kuiwasha kabla ya siku ya shida. Kwa kipanya mtu anahamisha picha zake na kutoa akaunti zake kabla simu haijafunguliwa na fundi yeyote. Kila fundi angekuwa na kipanya kimoja mezani, malalamiko ya data kupotea yangepungua sana.

Batani za pembeni ndizo zinazonisukuma hasa kuandika. Hizo ndizo zinazobaki simu ikiganda na kioo hakijibu, hata kwa kipanya. Simu ya Samsung iliyoganda inazimuliwa kwa kushikilia Sauti Chini pamoja na ya kuwashia kwa sekunde 10 hivi. iPhone 8 na zilizofuata: bonyeza na kuachia upesi Sauti Juu, kisha Sauti Chini, halafu shikilia ya ubavuni mpaka nembo itokee. Ukiingia kwenye menyu ya kurejesha mfumo wa Android, kwa kawaida unapanda na kushuka kwa batani za sauti na kuchagua kwa ya kuwashia, maana mara nyingi tachi haifanyi kazi humo. Simu ambayo batani ya sauti imekufa ni vigumu kuifikisha huko.

Dalili za batani ya pembeni kukwama zinafanana mno na ugonjwa wa programu, na hapa ndipo mafundi wenzangu wengi wanapokosea. Ya kuwashia ikikwama ndani, simu inawaka, inaonyesha nembo, inazima, inawaka tena, bila kikomo. Sauti Chini ikikwama, kwenye Android nyingi simu inawaka katika hali salama, programu zote ulizopakua zinafifia, na hata ukiwasha upya inarudi kulekule. Sauti Juu ikikwama, baadhi ya simu zinaingia menyu ya kurejesha mfumo zenyewe. Kuflashi hakutaponya hata moja kati ya hizo.

Pima kwa mita. Pasha mgongo wa simu kwa nyuzi joto 70 hadi 80 gundi ilegee, fungua polepole kwa kadi ya plastiki, na kabla ya kugusa chochote chomoa kiunganishi cha betri. Weka mita kwenye omu, gusa ncha mbili za swichi. Isipobonyezwa mita isionyeshe kwamba njia zimeunganika. Ikibonyezwa isome karibu na sufuri. Ikisoma makumi au mamia ya omu, kuna uchafu au kutu: safisha kwa spiriti ya asilimia 99 na brashi laini, bonyeza mara kadhaa, acha ikauke, pima tena. Petroli na thina zisitumike, zinalainisha plastiki na kuyeyusha gundi inayoshikilia kile kikombe cha chuma. Ikisoma imeunganika bila kubonyezwa, kikombe kimelala. Badilisha flexi ya batani, yaani utepe mwembamba unaounganisha batani na bodi ya simu. Na kabla ya kununua flexi, chunguza kifuniko cha nje: mara nyingine swichi ni nzima, ila kifuniko kimeingiwa na vumbi la unga au mchanga na hakijirudi. Flexi hupasuka zaidi pale inapokunja kona, hasa simu iliyowahi kufunguliwa kwa haraka.

Nikiri pia kwamba batani ya kubonyeza si lazima iwe rahisi kutengeneza. Tangu iPhone 5s ya 2013, batani ya Mwanzo yenye kisoma alama za vidole imefungwa kwa bodi yake. Ukiweka nyingine, alama ya kidole haisomwi tena. Hadi mwanzoni mwa 2016 baadhi ya simu ambazo batani hiyo ilibadilishwa na mafundi wa nje zilikataa kabisa kuwaka baada ya kusasishwa, zikionyesha kosa namba 53. Apple walitoa marekebisho Februari mwaka huohuo, na mwaka 2018 mahakama ya Australia iliwatoza faini ya dola milioni 9 za nchi hiyo kwa kuwapotosha wateja kuhusu haki zao. Kwa hiyo ubora wa batani unategemea kama mtengenezaji anaruhusu ibadilishwe.

Kuna mambo mawili ya watumiaji ambayo huletwa kwa fundi kama ubovu na wala si ubovu. La kwanza: tangu Android 12, simu nyingi ukishikilia batani ya kuwashia hazileti tena menyu ya kuzima, zinaita msaidizi wa sauti. Bonyeza ya kuwashia pamoja na Sauti Juu (kwenye Samsung ni Sauti Chini), menyu itakuja; ikija, achia. La pili: mtu akishikilia batani zote mbili za sauti kwa sekunde 3, TalkBack inaweza kuwaka. Simu inaanza kusoma kila kitu kwa sauti, ukigusa mara moja haifungui, na mtu anaapa tachi imekufa. Shikilia zilezile mbili tena itazimika. Njia hiyo ya mkato iliwekwa kwa ajili ya wasioona, nao wanaitegemea: kidole chao kinaipata batani ya pembeni bila msaada wa mtu mwenye macho, na kutoka hapo wanaendesha simu yote. Kwa TalkBack, kupangusa juu kisha kushoto ni Mwanzo, chini kisha kushoto ni Rudi. Ukiondoa batani za sauti, umemwondolea asiyeona mlango wa kuingilia.

Wanaodhani kioo kinaweza kubeba kila kitu watazame yaliyotokea baharini. Agosti 2017 meli ya kivita ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore na mabaharia 10 wakafa. Uchunguzi ulitaja mafunzo hafifu, na pia kasi ya meli kuendeshwa kwa vioo vya kugusa ambavyo mkono hauwezi kuhisi viko katika hali gani. Jeshi lao la majini likaamua kurudisha vishikio vya kuendesha kasi kwa mkono. Kwenye magari, Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, wameweka masharti kuanzia 2026 kwamba gari linalotaka alama za juu za usalama liwe na vidhibiti vya kushika kwa mambo ya msingi kama honi, vifuta kioo na taa za dharura.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo. Kabla mteja hajaondoka dukani, muulize anataka batani tatu au kupangusa, na umwekee anachotaka. Upande ambao Rudi inakaa nao umwekee alivyozoea. Samsung huiweka kulia, wengine wengi kushoto, na mtu aliyehama kutoka simu moja hadi nyingine hugusa Rudi bila kukusudia katikati ya menyu ya M-Pesa ya *150*00# na kulazimika kuanza muamala upya. Mfundishe namna ya kuiwasha upya simu ikiganda.

Kwa waagizaji wa vipuri: vioo vya simu za Tecno, Infinix na Samsung vimejaa Kariakoo, lakini flexi ya batani za pembeni ya toleo hilohilo mara nyingi haipo, na fundi analazimika kuing'oa kwenye simu mbovu ambayo batani zake nazo zimeshachakaa. Flexi ni nyepesi, haivunjiki njiani, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kioo. Waanze na matoleo wanayouza zaidi.

Fundi simu,
Kariakoo, Dar es Salaam